Chini ya mwembe nyasi hazikubali: nipande nini cha asili kitakachobaki kijani mwaka mzima?

*"Shikamoo mtaalamu. Tunaishi Kigamboni, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba mkwe wangu, na mbele yake kuna mwembe dodo mkubwa alioupanda yeye mwenyewe. Kivuli chake kizito kinafunika eneo la kama mita sita kwa tano, na hapo chini ni vumbi tupu. Tulipanda ukoka ukafa, tukanunua pasipalamu nayo ikafa, ingawa tulimwagilia kila jioni. Fundi wa bustani anashauri tumwage lori la udongo mwekundu kisha tupande upya. Jirani anasema mwembe una sumu inayoua kila kitu, na mume wangu anaogopa kwamba majani yakifunga yataleta nyoka. Tuna watoto wawili wadogo. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi kidogo. Ningependa mmea wa asili ya huku kwetu, usiopukutisha majani wakati wa kiangazi, na ambao hautanilazimu kumwagilia kila siku. Je, upo?"*

Marahaba, na asante kwa kueleza mazingira yako kwa undani. Mmea unaoutafuta upo, tena ni wa pwani hii hii. Kabla sijautaja, hata hivyo, ningependa tuelewane ni nini hasa kilichoua nyasi zako, kwa sababu asiyekijua anaweza kupanda mmea sahihi kwa namna itakayouua, au, jambo ambalo lingenisikitisha zaidi, kwa namna itakayoudhuru mwembe wenyewe.

Watu wengi wakitazama chini ya mwembe huona uhaba wa mwanga tu, na ni kweli kwamba mwanga una sehemu yake: ukoka ni nyasi ya jua, na pasipalamu nayo haipendi kivuli kizito. Lakini kinachoua zaidi mahali kama hapo ni kiu. Mwembe haupukutishi majani yake kwa pamoja, kwa hiyo mwaka mzima mvua ndogo hunaswa juu, ikalowesha majani na matawi, kisha ikakauka bila kufika chini. Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe bila gharama yoyote: weka kopo moja tupu chini ya mwembe na jingine la ukubwa uleule uwanjani, na baada ya manyunyu linganisha maji yaliyomo. Hata hayo machache yanayopenya hayabaki, kwa kuwa mwembe, mbali na mzizi wake mkuu unaokwenda chini sana, una mizizi mingi myembamba iliyojaa katika udongo wa juu, na hiyo ndiyo inayofyonza unyevu kabla nyasi haijapata nafasi. Ongeza juu ya hayo mchanga wa Kigamboni, ambao hauwezi kuhifadhi maji kwa muda mrefu, na utaona kwamba nyasi zako zilikuwa zinaishi katika ukame hata mwezi wa Aprili wakati majirani zako wanalalamikia madimbwi. Ulipomwagilia jioni, mnywaji wa kwanza alikuwa mwembe.

Kuhusu sumu, jirani yako hajalitunga jambo hilo kutoka hewani. Majani ya mwembe, kama ya miti mingine mingi, yana kemikali ambazo zikilowekwa na kukolezwa huweza kuchelewesha mbegu kuota. Hata hivyo, chini ya miembe iliyoachwa bila kufagiliwa, katika viwanja visivyojengwa na mashamba ya zamani, mimea mingine huota na kustawi bila shida. Kama mwembe ungekuwa unaua kila kitu, tusingeiona hiyo. Kwa hiyo usimlaumu mwembe kwa sumu, bali uukubali kuwa ni mshindani mwenye nguvu katika kugombea maji.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja lakini nina hakika linatokea kwenu, kwa sababu hutokea karibu kila nyumba ya pwani: ufagio wa chelewa kila asubuhi. Uwanja uliofagiliwa ni heshima ya nyumba, na siku zote umekuwa na maana ya kiusalama pia, kwani mdudu au nyoka huonekana mapema. Lakini tunapofagia kila siku chini ya mti tunaondoa majani ambayo yangekuwa matandazo, tunaiacha ardhi wazi kwa jua na upepo, na tunaushindilia udongo kwa nyayo mpaka uso wake unakuwa mgumu, maji yakija yanateleza badala ya kuzama. Sikuombi uache desturi hiyo. Ninachokuomba ni uamue leo sehemu ipi itaendelea kufagiliwa na sehemu ipi utaiachia mimea, kisha mipaka hiyo iheshimiwe na kila anayeshika ufagio hapo nyumbani. Bila uamuzi huo, hakuna mmea wowote nitakaokutajia utakaofika mwaka wa pili.

Sasa lile lori la udongo. Tafadhali usikubali. Mizizi ya juu ya mwembe inahitaji hewa, na ndiyo maana iko karibu na uso wa ardhi. Ukiifunika kwa tabaka nene la udongo mzito, hewa inapungua na mizizi inaanza kufa, na pale udongo unapofika kwenye shina, gome hubaki na unyevu usiokauka na hatimaye huoza. Ubaya wa jambo hili ni kwamba mti hauonyeshi mara moja. Unaweza kuendelea kuzaa msimu mmoja au miwili, kisha ncha za matawi zinaanza kukauka, na wakati huo hakuna anayekumbuka lori lililokuja. Safu nyembamba ya mboji iliyooza vizuri, isiyozidi sentimita mbili au tatu na isiyogusa shina, haina madhara. Zaidi ya hapo, udongo wa kununuliwa ni hasara mara mbili, ya fedha na ya mti.

Mmea ninaoupendekeza ni mkonge pori, na katika jamii yake kubwa nakushauri utafute ule unaoitwa kitaalamu *Sansevieria kirkii*. Jina hilo linamkumbuka John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar katika karne ya 19 na ambaye alikuwa mpenzi mkubwa wa mimea. Katika orodha mpya za wanabotania jamii nzima imehamishiwa kwenye *Dracaena*, na huyu sasa anaandikwa *Dracaena pethera*, kwa hiyo usishangae ukikuta majina mawili kwa mmea mmoja. Asili yake inajumuisha pwani ya Tanzania na visiwa vya Zanzibar. Majani yake ni mapana na mazito, yenye mabaka na kingo za mawimbi, na hukaa chini kwa mkao wa kutanuka badala ya kusimama wima kama mikuki. Usiuchanganye na mkonge wa mashamba ya Tanga, ambao asili yake ni Mexico na unahitaji jua la wazi.

Sababu ya kuuchagua iko katika namna unavyoishi. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na kupitia vitundu hivyo hivyo maji hupotea wakati wa joto. Mkonge pori hufanya kinyume: hufungua vitundu usiku, wakati hewa imepoa, huihifadhi hewa ya ukaa ndani ya jani kwa umbo la asidi, kisha mchana hufunga vitundu na kuitumia hewa hiyo kutengeneza chakula kwa mwanga uliopo. Maji unayopoteza ni machache mno, na akiba yake iko ndani ya jani lenyewe na ndani ya shina nene linalotambaa chini ya ardhi. Kwa hiyo haushindani na mwembe kila siku. Hunywa mvua inapokuja, kisha husubiri. Shina hilo linalotambaa ndilo pia linalochipua mimea mipya pembeni na kuifunika ardhi polepole. Na kwa kuwa huvumilia chumvi kiasi, maji ya kisima chako hayatausumbua, mradi si makali kiasi cha kuunguza kingo za majani ya mimea mingine uliyo nayo.

Lazima nikuambie pia kasoro zake. Kwanza, huenda polepole, na kivulini huenda polepole zaidi, kwa sababu namna hiyo ya kubana maji humfanya asiwe na haraka ya kukua. Tegemea miaka miwili hadi mitatu kabla ardhi haijafunikwa yote. Pili, haukanyagiki, jani likivunjika halirudi. Kama familia hutandika mkeka chini ya mwembe jioni, na ningehuzunika kama mngeacha kufanya hivyo, basi acheni sehemu ya kukaa iwe na matandazo ya majani makavu au mchanga uliofagiliwa, na panda nusu nyingine tu. Weka mawe bapa machache ya kupitia ili mtu asilazimike kukanyaga.

Tatu, ukienda kwenye vitalu vya barabarani na kuomba mmea wa aina hii, mara nyingi utapewa ule wenye majani marefu yaliyosimama, pengine na kingo za njano. Huyo ni *Sansevieria trifasciata*, ambaye kwao ni Afrika Magharibi hadi Kongo. Si mbaya na huvumilia kivuli kikavu vizuri kabisa, lakini si wa pwani yetu, na kwa kuwa umeomba wa asili ya huku ni haki yako kujua tofauti. Aina nyingine utakayoiona kwenye nyika kavu za kaskazini, hata pembezoni mwa bonde la Oldupai, ina majani magumu yenye ncha kali. Nyumba yenye watoto wadogo isiipande. Na tafadhali usiende kung'oa mimea katika misitu ya hifadhi kama Pugu na Kazimzumbwi. Misitu hiyo ya pwani imebaki kidogo sana, na mmea mmoja wenye afya kutoka kwa jirani au kitaluni unatosha kuanza.

Kuna wengine wa asili ambao nimewafikiria kwa ajili yako. Zamiokulkasi, yule mwenye majani ya kung'aa anayeuzwa ghali kwenye vyungu vya maofisini, ni mzaliwa wa ukanda huu wa mashariki, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, na chini ya ardhi ana kiazi kinachohifadhi maji. Ni mzuri kwa kivuli kikavu, ila ukame ukizidi anaweza kudondosha vijani vyake, na hilo si kijani cha mwaka mzima ulichokiomba. Mpande mmoja mmoja katikati ya mkonge pori kwa ajili ya urefu tu. Mtikini, ambao wazee wengi wa pwani waliuchuma kama mboga, hufunika ardhi haraka na huchanua vizuri, lakini hunyong'onyea katika kiangazi na huvuka mipaka kwa nguvu. Upande wa nje wa kivuli, ambako mvua inafika, utakufaa, mradi uwe tayari kuukata. Pale pia unaweza kuweka klorofitamu, ule mmea wa majani membamba unaoning'iniza vitoto, ambao nao ni wa Afrika na una mizizi minene yenye akiba ya maji. Ninayekukataza moja kwa moja ni wedelia, yule mtambaa mwenye maua ya njano. Atakuambia muuzaji kwamba haufi, na ni kweli haufi: umetoka Amerika ya tropiki, na ukishatoka nje ya ua wako hakuna atakayeurudisha.

Kalenda yako inakusaidia. Embe dodo likishavunwa, mwezi wa pili au mwanzoni mwa wa tatu, ndio wakati wa kupunguza matawi ya chini ya mwembe ili mwanga wa pembeni uingie. Usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja, na kata safi bila kuchana gome. Hatua hii moja hubadilisha mengi, kwa kuwa mkonge pori huvumilia kivuli lakini hukua vizuri zaidi kwenye kivuli chenye mwanga. Kisha mvua za masika zinapoanza kushika, katikati ya Machi, panda.

Wakati wa kupanda, jembe na sururu vikae stoo. Tumia mwiko wa bustani au kipande cha chuma, chimba vishimo vidogo katikati ya mizizi, vyenye kina cha sentimita 10 hadi 12, na ukikuta mzizi mnene kuliko kidole gumba sogea pembeni. Anza angalau mita moja na nusu kutoka kwenye shina. Weka konzi moja ya mboji katika kila kishimo, panda mche ukae kina kilekile ulichokuwa nacho, shindilia kidogo kwa mkono, kisha tandaza majani makavu ya mwembe kwa unene wa sentimita tano bila kufukia kitovu cha mmea. Nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche inatosha, na kwa nafasi hiyo mita moja ya mraba inachukua takriban miche 11. Ukipanda nusu ya eneo lako, yaani mita za mraba 15, utahitaji miche ipatayo 165.

Idadi hiyo isikutishe, kwani haifai kuinunua yote. Nunua mimea kumi au kumi na mitano iliyosongamana kwenye viriba, ipasue kwa kisu kisafi ili kila kipande kiwe na shina na mizizi yake, na majani ya ziada yakate vipande vya sentimita nane hadi kumi. Acha vipande hivyo vikauke kivulini siku mbili au tatu mpaka jeraha lifunge, kisha vichomeke mchangani, upande wa chini ukibaki chini, kwa sababu ukivigeuza havitoi mizizi. Mizizi hutoka baada ya wiki kadhaa, lakini chipukizi huchukua miezi, hivyo kwa mwaka wa kwanza panda kona moja vizuri na uache nyingine ijazwe na watoto wa kona hiyo. Napendelea kona moja iliyotunzwa kuliko eneo zima lililopandwa kwa pupa.

Maji ni mahali ambapo wengi hukosea kwa huruma. Mvua ya masika itatosha mwanzoni. Ikikatika kwa zaidi ya wiki mbili, na katika kiangazi cha kwanza kuanzia Juni, mpe kila mche kikombe kimoja kwenye kishimo chake mara moja kwa wiki, asubuhi. Usifungulie mpira wa maji kwenye eneo lote. Zaidi ya kwamba mkonge pori huoza mizizi ukiloweshwa mno, mwembe wenyewe unahitaji kipindi cha ukavu na ubaridi ili ujiandae kutoa maua, na kwa pwani hicho ni kipindi hicho hicho cha katikati ya mwaka. Mwembe unaomwagiliwa kwa wingi wakati huo huelekea kutoa majani mapya badala ya maua. Kwa hiyo kila jioni uliyoilowesha ile pasipalamu, huenda ulikuwa pia unapunguza maembe. Kuanzia mwaka wa pili, mmea ulioshika unaweza kuachiwa mvua peke yake, isipokuwa kiangazi kikiwa kirefu kupita kawaida.

Hofu ya mume wako ni ya haki, na sitaipuuza. Hakuna mmea unaovuta nyoka kwa harufu wala umbo lake. Nyoka hufuata panya, mijusi na vyura, na hupenda mahali pa kujificha. Kwa hiyo acheni ukanda wa mita moja na nusu usio na mimea kati ya bustani na ukuta wa nyumba, msirundike mbao wala matofali karibu, mabaki ya chakula yasikae nje, na usiku tumieni taa. Watoto wafundishwe kutoingiza mikono kwenye majani wasikoona. Wafundishwe pia kutotafuna: utomvu wa mkonge pori huweza kusababisha kichefuchefu na kutapika, na zamiokulkasi huwasha mdomo na koo. Kama mdogo wenu bado yuko katika umri wa kutia kila kitu mdomoni, zamiokulkasi isubiri.

Msimu wa maembe nao una sharti lake. Matunda yanayodondoka na kuoza kati ya majani huzalisha nzi wa matunda, hasa yule aliyeingia Afrika Mashariki kutoka Asia na kugunduliwa mwaka 2003, ambaye funza wake huharibu maembe kwa ndani. Okoteni matunda yaliyoanguka kila baada ya siku moja au mbili na kuyafunga kwenye mfuko mweusi uliokazwa na kuachwa juani, badala ya kuyatupa shimoni wazi. Hapa ndipo yale mawe ya kupitia yatakapokusaidia tena.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kuyatibu. Ukiona mwembe wako unatoa utomvu mweusi kwenye gome, uyoga unaota kwenye kitako cha shina, matawi makubwa yanakauka kuanzia nchani, au mti umeanza kuinama upande wa nyumba au nyaya za umeme, simamisha kazi yote na umwite mtu aje aone kwa macho. Anzia kwa afisa ugani wa kata yako, ambaye utampata kupitia ofisi ya kata au manispaa ya Kigamboni, naye anaweza kupeleka sampuli kwa watafiti ikibidi. Mwonyeshe picha za mti mzima na za sehemu iliyoathirika, jani na kipande cha gome kwenye mfuko wa karatasi, na umweleze kama kuna udongo uliomwagwa, ujenzi uliofanyika au mizizi iliyokatwa karibu na mti katika miaka mitatu iliyopita. Mtoto akitafuna mmea na mdomo ukavimba, au akatapika mfululizo, mpelekeni kituo cha afya pamoja na jani lenyewe bila kusubiri.